Suke Moja Jeupe

"Ukungu wa masuke hauwezi kunidanganya mimi," bwana shamba alijigamba, hata baiskeli hajashuka. "Nautambua nikiwa barabarani!"

"Basi hayo si macho, ni darubini," alisema mama mwenye shamba. "Shuka, chai inapoa."

Alishuka mbio kama aliyeitiwa mgonjwa mahututi.

Ilikuwa ziara ya mwisho. Ngano ya mama ilikuwa imemaliza kuchanua, na dawa ilinyunyizwa siku ileile iliyotakiwa. Bwana shamba ndiye aliyemfundisha: "Ua ndio mlango, mama. Suke likichanua, ukungu unaingia. Lisipochanua, mlango umefungwa." Sasa masuke yote yalikuwa safi, yamebaki kuchanua ya kipande cha chini tu, kilichochelewa kupandwa.

"Kazi imekwisha basi," mama alisema. "Nisaini wapi?"

Bwana shamba alizungusha kikombe mikononi. Kisha akasema ngoja, akaingia tena shambani peke yake. Alitoka na suke moja, nusu kijani, nusu jeupe pe.

"Nitarudi Alhamisi," alisema, akilifunga kwenye karatasi. "Usiliguse, mama. Ni la uchunguzi."

Alhamisi likapatikana la pili. Jumatatu, la tatu.

"Ninyunyize tena?"

"Tungoje kidogo."

"Nifyeke?"

"Hapana, mama! Nitarudi."

Mama akaacha kulala. Ngano ile ndiyo chakula chake na wajukuu mwaka mzima, na punje zenye ukungu ule ni sumu. Hata hivyo chai aliichemsha, na kiti cha pili alikitoa nje mapema.

Bwana shamba naye alirudi kwenye chumba chake cha kupanga: kikombe kimoja, kijiko kimoja, na redio inayojiuliza maswali na kujijibu. Mchana alishinda ofisini na ubao wa mvua, akiandika milimita kwa chaki, akifuta, akiandika upya. Mtu pekee aliyemsemesha ni mlinzi, tena jioni, tena maneno mawili: "Funga mlango."

Alhamisi iliyofuata alitokea kwenye kipande cha chini na suke jingine mkononi, uso umekunjamana.

"Limeshambuliwa, mama. Pole."

"Lete nilione mwenyewe."

"La uchunguzi hilo, mama, usi..."

Tayari alikuwa amemnyang'anya. Aligeuza suke kwenye jua, akatafuta vile vinyuzi vya njano vya maua, asione hata kimoja. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Kijani kikatokea.

"Hili halijachanua, baba," alisema taratibu. "Mlango umefunguliwa na nani?"

Bwana shamba alitumbukiza mkono mfukoni, akausahau humo.

Mama akamsogezea kiti, akammiminia chai mpaka juu.

"Jumatatu uje," alisema. "Chaki iache ofisini."