Glasi ya Mkurugenzi

"Sinywi ng'o!" Mkurugenzi alimnong'oneza dada yake, msimamizi wa jiko la ofisi. "Nina wajukuu mimi."

Ukumbini wakaguzi walikuwa wameshakaa, miguu wameikunja nne. Sharti lao lilikuwa moja: mwenye kiwanda anywe maji yanayotoka kiwandani kwake, la sivyo lango lifungwe leo leo. Na kiwanda chenyewe, masikini, kilikuwa cha dawa ya kuua mende.

Tegemeo lilikuwa bintiye, mhandisi, na mtambo wake. Maji machafu yanapulizwa ozoni, kisha yanatikiswa kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, mpaka sumu inavunjikavunjika. Mkurugenzi aliusifia mtambo huo kila mahali, isipokuwa mbele ya glasi.

"Baba, kunywa bila wasiwasi," binti alikuwa amemwambia asubuhi ile, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mpaka jana ilikuwa pampu tu inanguruma, sumu inatoka kama ilivyoingia. Ozoni na mawimbi nimeviwasha leo alfajiri. Nimepima, maji ni safi."

"Na hayo ya jana yalionekanaje?"

"Hivyo hivyo. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Ndiyo ubaya wake."

"Mwanangu, nisipokuamini wewe nitamwamini nani?" alijibu baba mtu, na imani yake yote ikampeleka jikoni.

"Dada, glasi yangu nitilie maji ya dumu lako. Ya dukani."

"Mtoto akijua je?"

"Atajulia wapi? Nisitiri, dada yangu."

Dada akaguna, akainamisha dumu. Zamani angeanza kwanza kulalamikia magoti yake na zile ngazi za kwenda dukani. Siku hizi alikuwa ameacha, na ofisi nzima ilishukuru.

Glasi mbili zikaletwa ukumbini. Binti alikunywa yake, ya mtambo, taratibu. Mkurugenzi akasimama, akakaza tai, akaigugumia yake yote, kisha akaipindua glasi juu chini wakaguzi waone.

"Tamu! Niongezeeni!"

Akaongezewa. Akamaliza na hiyo. Wakaguzi wakapiga makofi, wakatia saini. Binti machozi yakamlengalenga. Hakujua kama baba yake anamwamini kiasi kile. Akamkumbatia, na baba akakumbatika bila haya hata chembe.

Wageni walipoondoka, shujaa alirudi jikoni anacheka peke yake.

"Dada, umeniokoa! Halafu hilo duka lako wana maji mazuri kweli."

"Duka gani na magoti haya?" Dada alikuwa anasuuza glasi. "Bomba la mtambo wa mwanao liko hapo mlangoni, mimi nipande ngazi nina wazimu? Dumu hilo nimelijaza hapo hapo, jana."