Mguu Uliolowekwa Barafu

Mkono wa Daktari Mutashar, mkaguzi wa farasi wa mbio, ulisita kwenye kifundo cha farasi. Jua la Baghdad lilikuwa linachoma mpaka kwato, lakini mguu huu mmoja ulikuwa baridi kama wa maiti.

Wameuloweka kwenye barafu ili daktari asiusikie uvimbe ukiwaka.

Akabonyeza. Farasi akauvuta mguu.

"Anadeka tu huyo," tajiri mwenye farasi akacheka. "Daktari, umekuwa mkunga? Mpitishe, wenzake wanangoja."

Mwaka jana daktari alimpitisha farasi mwingine wa tajiri huyuhuyu. Mfupa ulivunjika kwenye kona ya uwanja, mpandaji akaangukiwa, akazikwa kabla ya magharibi. Tajiri alileta kondoo matangani, kisha akakaa akamla yeye na rafiki zake.

Mpandaji wa leo aliinama kutoka kwenye tandiko. "Vipi, ami? Yuko salama?"

Tajiri akamwekea daktari mkono begani, polepole, kama ndugu. "Mwambie mtoto asiogope."

Daktari akajipangusa maji ya barafu kwenye koti lake jeupe. Hakuinua macho.

"Mko sawa," akasema. "Ila ukifika kwenye kona, mwanangu, jishikilie sana."