Kipande cha Kashata

Kila Tunu alipomwamkia mtu, mama yake alimpa kipande cha kashata. Mtaalamu wa tiba alisema ubongo wa mtoto mwenye usonji hujifunza hivyo, kidogo kidogo, kama njia inayofunguka kwa kupitwa mara kwa mara.

Bibi yake, Mwanakombo, hakutaka kusikia. "Salamu ya kununuliwa mimi siitikii."

Leo Tunu alisimama mbele yake, macho ukutani.

"Shikamoo."

Bibi akageuza uso.

"Shikamoo." Sauti ilitetemeka.

Moyo wa bibi ukalainika. "Marahaba, mjukuu wangu."

Mama akatoa kashata. Tunu hakuila. Aliitia mdomoni mwa bibi.

Bibi hakuwa na jino hata moja; akaiacha shavuni. Tunu akamkazia macho, akaanza kutafuna kwa mdomo mtupu, taratibu, kumwonyesha.