Dirisha la Chini

"Kaka, nani kakwambia uliweke dirisha huko juu?"

Fundi alishuka kwenye ngazi, mikono imejaa saruji. "Madirisha ya darasa ndiyo hukaa hivyo. Yakiwa chini, watoto wanakodolea macho nje, masomo yanaingia sikio hili yanatokea lile."

Dada yake, mwalimu mkuu wa shule ambayo bado haikuwa na mwanafunzi hata mmoja, aliketi juu ya tofali, akawa na kimo cha mtoto. Alichoona ni ukuta na kipande cha anga.

"Yashushe yote, yanifike kiunoni."

"Saruji imeshakauka, dadangu. Nibomoe kisa upepo?"

"Siyo upepo. Mtoto akichungulia nje, sina neno. Nataka mzazi akipita aone ndani."

Fundi akacheka. "Aone nini, mwalimu?"

Dada yake aliinuka, akaweka mkono wa kushoto ukutani. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda tangu alipokuwa darasa la tatu. Nyumbani waliambiwa na mwalimu wake kwamba alianguka akicheza.

Kaka yake alikitazama kile kidole. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Kisha akainama, akaokota nyundo.