Wiki ya Mombasa

Jumamosi asubuhi Wakhungu aliiba picha ya jirani yake aliyepanda ngamia, akaisokomeza ndani ya Biblia, akafunga safari kutoka Kiminini kwenda Bungoma kumwaibisha mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Mukhisa, aliyekuwa ofisa wa kilimo pale Kiminini kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Kesho yake kanisa lingemsimika kuwa mzee wa kanisa. Pasta angeuliza kama kuna mwenye neno, na Wakhungu alikuwa na neno. Alikuwa amelibeba miaka mitatu.

Mwaka wa 2003 mahindi yake yalishinda kwenye maonyesho ya Kitale, na kampuni ya mbegu ikaahidi kupeleka mshindi wa kila lokesheni Mombasa, wiki nzima, bure. Walipewa hata karatasi ya mambo ya kila siku. Wakhungu, aliyeishia darasa la tatu, aliifuata kwa kidole mpaka akaikariri. Jumatatu, kupanda ngamia ufuoni. Jumanne, mashua yenye sakafu ya kioo, samaki unawaona chini ya miguu yako. Jumatano, kulisha twiga kwa mkono. Alhamisi, kuzamia baharini na kinyago. Alimsomea mkewe, Wilkista, ambaye siku hizo alishinda kitandani kwa kile alichosema ni vidonda vya tumbo. Wilkista alimcheka: mtu anayeogopa kuvuka mto Nzoia ataiweza bahari?

Siku mbili kabla ya safari, jina la Wakhungu likafutwa kwenye orodha aliyoishika Mukhisa. Akaenda Nderitu, jirani yake, aliyekuwa namba mbili.

Wilkista alifariki Alhamisi ya wiki hiyo, saa ambayo Nderitu alikuwa majini na kinyago chake. Wakhungu alikuwa amemshika mkono. Tangu hapo huzuni na kijicho vilipikwa chungu kimoja, na yeye mwenyewe hakujua tena anakoroga kipi.

Nderitu naye aliporudi hakumaliza kusimulia. Kila msimu wa palizi, kila foleni ya mbolea, twiga yule alimlamba kiganja upya. Ngamia alizidi kurefuka. Na Wakhungu hakukosa kusikiliza hata siku moja. Alisogea karibu kabisa, kama mtu anayeota moto unaomuunguza. Nderitu akimwona, alisema, "Wewe bana, bahari unaijua kwa chumvi tu." Watu walicheka. Wakhungu pia alicheka, kisha akaenda nyumbani akashindwa kula.

Lakini hakumlaumu Nderitu sana. Aliyepewa hana kosa, mwenye kosa ni aliyeshika kalamu. Wakubwa ndivyo walivyo. Barabarani wanakuachia matope, hospitalini wanampa mkeo tembe za maumivu tu na kumwambia akapumzike, na hata ukishinda kwa jasho lako, ofisa anakula safari yako halafu anaenda kuimba haleluya.

Mukhisa alimpokea vizuri mno, jambo lililomuudhi zaidi. Mkewe alileta chai, akarudi kwenye ungo wake wa maharagwe pale mlangoni. Wakhungu hakuigusa chai. Aliiweka ile picha mezani, akampa Mukhisa njia mbili: akaungame kwa pasta leo, au kesho ayasikie mbele ya watu wote. Yeye alitaka kujua jambo moja tu, Nderitu alitoa nini. Mbuzi? Gunia? Bahasha?

"Nderitu hakutoa kitu," Mukhisa alisema.

"Ati hakutoa. Basi jina langu lilijifuta lenyewe?"

"Nililifuta mimi. Kwa mkono huu."

"Kwa nini?"

Mukhisa aliisukuma picha irudi upande wa Wakhungu. Akasema Wakhungu asimame tu kesho, aseme yote. Yeye hatambishia, na huo uzee wa kanisa wakimnyima ni sawa.

Wakhungu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakujiandaa kwa hili.

"Baba Ian," mke wa Mukhisa aliita kutoka mlangoni, "si umwambie huyu mtu?"

Mukhisa alitikisa kichwa. "Niliahidi, mama."

Hapo damu ikampanda Wakhungu. Kumbe kuna ahadi, kumbe wote wanajua ila yeye. Alisimama akatafuta neno la kuuma, akalipata.

"Basi ujue hata Wilkista alikufa akikulaani."

Ulikuwa uongo. Wiki ile Wilkista hakumlaani mtu yeyote. Wakhungu alipokuwa akitukana maofisa wote wa nchi, alimwambia tu avute kiti karibu, amsomee tena ile karatasi, polepole.

Mukhisa aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali.

"Mimi nitukane. Huyo usimsingizie. Kaa chini, Wakhungu."

Wakhungu hakukaa.

"Mkeo alikuja ofisini kwangu peke yake, kwa miguu, akipumzika kila hatua kumi. Nikamwambia, mama, hii ni heshima kubwa kwa mzee wako, Mombasa haiji mara mbili. Akasema anajua. Akaniapisha lawama nibebe mimi, wewe usije ukamkasirikia." Mukhisa alitazama sakafu. "Daktari alikuwa amempa wiki mbili. Akaniambia wiki mbili ni kidogo sana, hawezi kugawana mume na bahari."