Anayesafiri Aage

Furushi lilikuwa dogo, lakini Josefina alilibeba vibaya. Wanawake wa Mpanda hubeba mzigo kichwani. Yeye aliuning'iniza kwa mkono wa kulia kama aliyeokota kitu cha watu, na wa kushoto ameuficha ndani ya kanga. Jua la saa tano lilikuwa kali, naye alikuwa amejifunika mpaka shingoni.

Treni ya Kaliua ilikuwa iondoke saa saba. Ikimwacha, asubiri juma lijalo, na juma lijalo aliliona mbali mno. Kati yake na stesheni zilibaki nyumba saba za mtaa wa wachimba madini, na kila nyumba ilikuwa na macho.

Macho hayo hayakuwapo mwaka uliopita. Mtaa ulijaa Wafipa, Wakonongo, Wabende na Wanyamwezi waliofuata kazi ya mgodi, kila mtu na lake, na wezi wakajichumia watakavyo: baiskeli, sufuria, hata nguo zilizoanikwa. Ndipo Ambrosi, mnyapara wa zamu ya asubuhi, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba bora jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Akawakusanya barazani kwake. Mkewe Josefina akawamiminia chai, na kabla birika halijaisha walikuwa wamekwisha kumchagua Ambrosi awe mwenyekiti. Kanuni zilikuwa chache. Kila mtu amjue jirani yake kwa jina. Yowe likipigwa wote watoke, isipokuwa la mume na mke, hilo ni la ndani. Mzigo ukitoka mtaani uulizwe. Na anayesafiri aage kwa mwenyekiti.

Wizi ukakoma. Watu wakaanza kuombana chumvi, kuuguzana, kuzikana. Haki isemwe, Ambrosi ndiye aliyeujenga mtaa ule, na Josefina alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nyumba ya kwanza alisalimia akapita. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alidanganya kwamba anapeleka nguo kwa fundi. Ya nne ilikuwa ya Mama Felista, naye alikuwa anachuja pombe yake ya mtama. Alisikia habari ya fundi, akakumbuka kwamba mafundi wote wako upande wa pili. Akaacha chujio, akaenda kumwamsha Ponsian, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Josefina aliwaona, akaongeza mwendo, na anayeongeza mwendo hujishtaki mwenyewe.

Walimfikia mbele ya nyumba ya saba.

"Shemeji," Ponsian alisema kwa aibu, "utuwie radhi. Hebu tuone."

Akalifungua furushi. Magauni mawili, rozari, viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuna cha mtu. Mama Felista akauliza basi, ndani ya kanga kuna nini, na Josefina akafunua. Mkono ulikuwa umevimba toka kiwiko mpaka vidole, umezungushiwa kipande cha shuka.

"Nilianguka kisimani," alisema.

Walimpa pole nyingi, na zilikuwa za kweli. Josefina aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumwambia neno. Walikuwa watu wema watupu. Aliwaomba tu wamwache aiwahi treni, anakwenda kwa mama yake.

"Nani kakukataza?" Ponsian alisema. "Ila hujaaga. Tukikuacha hivi hivi, kesho atapita mwingine na baiskeli yangu. Tumngoje mwenyekiti. Yule ni mtu mwelewa."

Mama Felista akalibeba furushi yeye mwenyewe kwa huruma. Wakarudi naye mpaka barazani kwa Ambrosi, wakaketi naye. Kuku wa pale wakamzunguka Josefina miguuni wakidhani ameleta pumba. Mama Felista akamkanda mkono kwa maji ya moto ya chumvi, huku akimsimulia habari za arusi ya kule Magamba. Ilipofika saa saba treni ikalia upande wa stesheni, mara mbili, kisha kimya. Josefina akalia pia, nao wakadhani ni maumivu ya mkono.

Ambrosi alirudi saa nane na ushei, vumbi la mgodi usoni. Alisikiliza yote akiwa amesimama, bila kumkatiza mtu.

"Asanteni," alisema. "Mtaa wenye watu kama nyie haupotelewi na kitu."

Aliwapa mkono wote wawili, wakaondoka wamefurahi. Kisha akaingiza komeo kwa ndani, akamsogezea mkewe kigoda, akamwomba kwa upole amnyoshee ule mkono uliosalia mzima.