Shikamoo ya Serikali

Serikali changa ya Mirihi haikuruhusiwa kuamuru mtu. Iliruhusiwa kuomba tu. Kila asubuhi sauti yake ilitoka ukutani, jikoni kwa Bi Mwanakheri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliipenda. Ndiyo iliyoipatanisha miji iliyokuwa ikipigana, na mumewe alipofariki, ilikesha naye matangani.

"Paa la Mji wa Mashariki limepasuka, mama. Hewa inavuja. Naomba mtungi mmoja."

"Kesho, mwanangu, leo nina wageni. Waombe majirani."

"Wote wamenielekeza kwako."

Akacheka, akageuza chapati.

Kesho yake mtungi ulikuwa mlangoni, keshaufuta vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hewa yako hii hapa."

"Asante, mama. Leo naomba sanda."